Ulimi wa Mwonjaji na Jasho la Mchumaji: Uonjaji wa Chai ya Gusii na Msamiati wa Ladha katika Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwonja asali haonji mara moja. Aghalabu methali hii hutumiwa kuonya dhidi ya tamaa. Hata hivyo, ndani yake mna ukweli mwingine ambao sisi wanafunzi wa lugha hatuutilii maanani. Kuonja ni kitendo cha kurudiwa, anayerudia hulinganisha, na anayelinganisha huhitaji maneno. Asiyekuwa na maneno ya kulinganishia hubaki na hukumu mbili tu kinywani mwake, yaani "tamu" na "si tamu", na hukumu mbili hazitoshi kupangia bei ya bidhaa inayolisha mamia ya maelfu ya watu.

Makala haya yanahusu uonjaji wa chai inayokuzwa katika kaunti za Kisii na Nyamira, eneo ambalo tutaliita Gusii kwa jina la wenyeji wake. Madhumuni yake ni matatu. Kwanza, kueleza jinsi chai inavyoonjwa na wataalamu na kile wanachokitafuta katika kikombe. Pili, kuchunguza iwapo Kiswahili kina msamiati wa kuielezea kazi hiyo. Tatu, kuonyesha kwamba suala hili si la anasa wala la kupitishia wakati. Katika biashara ya chai, neno la mwonjaji ndilo mwanzo wa bei. Bei ndiyo mwanzo wa bonasi. Na bonasi ndiyo karo ya mtoto wa mchumaji. Mchumaji akikosa kulielewa neno hilo, amekosa kuielewa hesabu ya jasho lake mwenyewe.

Mvinyo, Chai na Suala la Mwaka

Kinywaji ambacho kimetungiwa msamiati mpana wa ladha kuliko vyote duniani ni mvinyo mwekundu. Katika eneo la Bordeaux nchini Ufaransa, mashamba ya mizabibu yaliyosifika yalipangwa kwa madaraja rasmi mnamo 1855, na mpango huo ungali unaheshimiwa hadi leo kwa mabadiliko machache mno. Juu ya chupa huandikwa mwaka wa mavuno, kwa sababu mzabibu wa huko huzaa mara moja kwa mwaka, na jua au mvua ya mwaka huo huacha alama yake katika zabibu. Mnywaji hodari hudai kuutambua mwaka kwa ulimi.

Utaratibu huo hauwezi kuhamishiwa kwetu jinsi ulivyo. Katika Dodoma, nchini Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hivyo dhana yenyewe ya "mavuno ya mwaka fulani" huanza kulegea. Kwa upande wa chai ya Gusii, dhana hiyo huvunjika kabisa. Mchai huchumwa mwaka mzima, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi, kutegemea mvua na joto. Kwa hiyo, panapokuwa na mwaka katika mvinyo, katika chai pana shehena: mifuko kadhaa ya daraja moja, iliyotengenezwa na kiwanda kimoja katika muda wa siku chache, na kupewa nambari yake. Shehena ya wiki hii yaweza kusifiwa na ya wiki ijayo kulaumiwa, ilhali zote mbili zimetoka katika vilima vilevile.

Kuna tofauti ya pili. Mvinyo bora wawezekana kuwekwa ghalani kwa miaka mingi ukazidi kupendeza. Chai nyeusi ya aina yetu haina subira hiyo. Kadiri inavyokaa ndivyo uhai wake unavyopungua, hasa ikipata unyevu. Mwonjaji wa chai hushughulika na kitu kinachofifia, na kwa sababu hiyo kazi yake ni ya haraka.

Hata hivyo, vinywaji hivi viwili vinakutana katika jambo moja kubwa: vyote hudhihirisha mahali vilikotoka. Vilima vya Gusii vina rutuba, mvua yake ni nyingi na imetawanyika karibu mwaka mzima, na usiku wake una baridi. Katika vipindi vya mvua nyingi mchai huchipuka upesi na majani huwa tele, lakini ladha yake huwa nyepesi. Wakati wa ukavu au baridi huchipuka polepole, majani huwa machache, na ladha hukolea. Mvua ya mawe, ambayo ni adui wa kawaida wa mkulima wa Kisii na Nyamira, hurarua majani na kuharibu mchumo wa majuma kadhaa. Yote haya huishia kikombeni.

Safari ya Jani hadi Kiwandani

Ili kuelewa anachokionja mtaalamu, sharti tuifuate safari ya jani tangu shambani.

Kilimo cha chai kilianza nchini Kenya mnamo 1903 huko Limuru, lakini kwa miongo mingi kilikuwa mikononi mwa walowezi na makampuni ya kigeni. Mkulima Mwafrika alifunguliwa mlango baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai Kenya, maarufu kama KTDA, iliundwa mnamo 1964, na mnamo 2000 ikabinafsishwa na kuwa wakala unaomilikiwa na wakulima kupitia kampuni za viwanda vyao. Leo katika Kaunti ya Nyamira kuna viwanda kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe na Gianchore. Na katika Kaunti ya Kisii kuna Kiamokama, Itumbe, Nyamache na Ogembo, miongoni mwa vingine. Majani yanayoviendea viwanda hivyo hutoka katika vishamba vidogo, vingi vikiwa havifiki hata ekari moja, kwa kuwa ardhi ya Gusii imegawanywa mara nyingi baina ya baba na wana.

Kanuni ya kwanza ya ladha ni ya mkono: majani mawili na chipukizi. Sehemu hii changa ya mchai ndiyo yenye wingi wa kemikali ziitwazo polifenoli, ambazo ndizo malighafi ya ladha. Mchumaji akishuka hadi jani la tatu au la nne, uzito wa kikapu huongezeka, lakini utajiri wa kikombe hupungua. Kanuni ya pili ni ya kubeba. Jani likishindiliwa guniani au kukaa kituoni kwa saa nyingi likingoja lori, hujipasha joto, huchubuka, na huanza kugeuka rangi kabla ya wakati wake. Hii ndiyo sababu moja ya malalamiko dhidi ya wachuuzi wa majani mabichi, ambao hununua kwa fedha taslimu na kuyapeleka mbali. Mkulima aliyebanwa na shida hatakataa fedha za leo kwa ajili ya bonasi ya Oktoba. Lakini jani lililosafiri hivyo hufika limechoka.

Kiwandani, jani hunyaushwa kwa hewa kwa muda wa saa kumi na mbili hadi kumi na nane hivi ili lipoteze sehemu ya maji yake na kulainika. Kisha hupitishwa katika mashine yenye magurudumu ya meno ambayo hulikata, hulirarua na kulisokota kwa pamoja. Mashine hii ilibuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930, na ndiyo iliyoipa chai ya Kenya sura yake ya chembechembe. Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi nzima. Kwa mazoea tunaiita "kuchachusha", ingawa neno hili laweza kupotosha. Hakuna chachu ya aina yoyote hapa, kama ilivyo katika pombe au mvinyo. Kinachotokea ni kile kile kinachotokea kwa ndizi mbichi iliyomenywa ikaachwa mezani: vimeng'enya vilivyomo ndani yake hukutana na oksijeni, na nyama yake hugeuka rangi. Katika jani la chai, polifenoli hugeuka na kuzaa makundi mawili ya viambata. Kundi la kwanza, teaflavini, huipa chai mng'ao na uchangamfu. Kundi la pili, tearubijini, huipa rangi na uzito. Muda ukiwa mfupi mno, chai hubaki na ubichi. Ukipita kiasi, teaflavini hupungua, rangi huzidi, na chai huwa kama mtu aliyelala na macho wazi. Msimamizi wa zamu anao muda wa saa moja au mbili tu wa kuamua, na uamuzi wake haurudishiki nyuma.

Hatimaye, jani hukaushwa kwa hewa ya moto hadi unyevu wake ubaki asilimia 3 hivi, kisha huchekechwa na kuainishwa kwa ukubwa wa chembe. Kwa wastani, zaidi kidogo ya kilo 4 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Ni vyema kusisitiza kwamba madaraja yanayoandikwa kwenye mifuko, kama vile PF1 au BP1, hueleza hasa ukubwa wa chembe na namna itakavyotoa rangi majini. Hayaelezi uzuri. Uzuri huamuliwa na ulimi.

Katika Chumba cha Kuonjea

Chai nyingi ya Gusii huuzwa Mombasa. Mnada huu ulianzia Nairobi mnamo 1956 na kuhamia Mombasa mnamo 1969; na tangu mnada wa London ulipofungwa mnamo 1998, huu wa Mombasa umekuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Chai za Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyinginezo pia huuzwa hapo, na wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya ni pamoja na Pakistan, Misri na Uingereza. Katika miaka ya karibuni zabuni zimehamia kwenye kompyuta. Kuonja hakujahamia huko. Siku kadhaa kabla ya mnada, sampuli za kila shehena hupelekwa kwa madalali na wanunuzi, na kila mmoja huonja kivyake.

Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kiwango chake cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, mnamo 1980, na kukirekebisha mnamo 2019. Kinaagiza gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na muda wa dakika sita. Kila nyumba ya biashara ina desturi zake ndogondogo, lakini msingi ni mmoja: vipimo visibadilike, ili tofauti yoyote itakayoonekana itoke kwa chai na si kwa mwandaaji.

Vikombe vyeupe hupangwa kwa safu ndefu. Nyuma ya kila kikombe huwekwa kibati cha chai kavu chenye jina la kiwanda, daraja na nambari ya shehena. Baada ya dakika sita, chai humiminwa bakulini na majani yaliyolowa hubaki juu ya kifuniko. Mwonjaji hufuata hatua nne.

Kwanza, huitazama chai kavu na kuipapasa: Je, chembe zinalingana? Zina weusi wa kupendeza au ujivu wa kuchoshwa na mashine? Kuna nyuzinyuzi za vikonyo? Pili, huyanusa na kuyatazama majani yaliyolowa, ambayo yakiwa mazuri huwa na wekundu wa shaba mpya. Tatu, huitazama chai yenyewe bakulini. Nne, huchota kijiko na kuivuta kwa kishindo, kwa sauti ambayo mezani kwa mkwe ingekuwa aibu kubwa. Kishindo hicho kina kazi. Hewa huitawanya chai kinywani kote na kuipandisha harufu yake hadi puani kwa njia ya nyuma ya koo, kwa maana sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Kisha huisukutua kwa nukta chache na kuitema. Haimezi. Mtu aonjaye mamia ya vikombe kwa siku hawezi kumeza.

Baadhi yao huongeza maziwa kidogo na kuonja tena, kwa kuwa wateja wa masoko fulani huinywa hivyo na chai nzuri lazima isizame ndani ya maziwa. Baada ya hapo hutamka neno moja au mawili na kutaja bei inayokisiwa. Msaidizi huandika. Wanahamia kikombe kinachofuata.

Maneno ya Ulimi

Maneno yanayotamkwa katika chumba hicho ni ya Kiingereza, ingawa chumba chenyewe kimo Mombasa, mji wa Muyaka bin Haji na kitovu cha lahaja ya Kimvita. Je, Kiswahili kimepungukiwa? Uchunguzi mfupi unaonyesha kinyume chake. Tuangalie sifa kuu zinazotafutwa na mwonjaji, na maneno ambayo lugha yetu inayo tayari.

(a) Mng'ao. Hii ni sifa ya jicho. Chai yenye mng'ao hurudisha nuru kama shaba iliyosuguliwa. Isiyo nao "imefifia". Mng'ao ni dalili ya teaflavini, na kwa hivyo ni ushahidi kwamba jani lilichumwa vyema na halikucheleweshwa.

(b) Uchangamfu. Chai changamfu huuamsha ulimi mara tu inapouguza. Kinyume chake ni "chapwa" au "dufu", maneno ya kale na fasaha ambayo vijana wa mijini wanaelekea kuyasahau. Chai chapwa yaweza kuwa na rangi ya kuvutia. Kasoro yake ni kwamba haina la kusema.

(c) Ukakasi. Hapa Kiswahili hakihitaji kuazima hata herufi moja. Ukakasi ni ile hali ya ufizi na ulimi kukazwa na kukwaruzwa, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi au pera changa. Mtoto yeyote wa Gusii anaijua hali hii kabla hajajua kusoma. Katika chai nzuri, ukakasi huja, hukaza, kisha huachilia na kuuacha mdomo ukiwa safi. Katika chai mbaya hung'ang'ania.

(d) Uzito. Ni hisia ya ujazo kinywani. Chai nzito huujaza mdomo. Nyepesi hupita kama maji.

(e) Ukolevu. Kitenzi "kukolea" kimezoeleka kwa chumvi, rangi, na hata mapenzi na uhasama. Kwa chai, chaeleza nguvu na rangi kwa pamoja, na hueleweka bila maelezo.

(f) Kunukia. Kiswahili hutofautisha kwa kiambishi kimoja tu baina ya "kunuka" na "kunukia". Lugha nyingi hulazimika kuongeza kivumishi ili kupata tofauti hiyo.

Kwa upande wa kasoro, "ubichi" ni wa chai iliyokatizwa mapema. "Kuungua" ni kwa iliyokaushwa kwa moto mkali mno. "Moshi" ni wa iliyovujiwa na tanuri. "Uvundo" ni wa iliyopata unyevu ghalani. Iko kasoro nyingine ambayo tunapendekeza iitwe "harufu ya kuazima". Chai hunyonya harufu ya jirani yake. Ikiwekwa karibu na sabuni, vitunguu au mafuta ya taa, haiirudishi tena.

"Kali" Moja, Mambo Mengi

Ikiwa maneno yapo, tatizo li wapi? Kwa maoni yetu, tatizo ni kwamba katika matumizi ya kila siku maneno hayo yamemezwa na mawili tu: "tamu" na "kali".

Chukua "kali". Kisu ni kikali, pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, mwalimu ni mkali, pombe ni kali, na chai vilevile ni kali. Mtu asemapo "chai hii ni kali", aweza kuwa anamaanisha kwamba majani yalizidi, kwamba ina uchungu, kwamba ina ukakasi, au kwamba inaondoa usingizi. Kwa mwonjaji, hayo ni mambo manne tofauti. Uchungu ni ladha inayopokewa na ulimi, na katika chai hutokana kwa sehemu na kafeini. Ukakasi si ladha hasa bali ni mguso. Mama wa Gusii anayepika mgagani, ambao wenyewe huuita chinsaga, anaijua vyema tofauti hii: uchungu wa mboga hiyo hupunguzwa kwa maziwa na subira ya jikoni, ilhali ukakasi wa ndizi mbichi haupungui mpaka iive au ipikwe. Ujuzi anao. Kilichokosekana ni desturi ya kuuhamisha hadi kwenye kikombe cha chai.

Ama "tamu", hili limepanuka hadi kuwa sifa ya hadithi, sauti na usingizi. Kuhusu chai, limekuja kumaanisha sukari. Ni ukweli wa kusikitisha kidogo kwamba katika nyumba nyingi za wakulima, chai hupikwa pamoja na maziwa na sukari hadi sifa zake za asili zisitambulike, na ile isiyo na maziwa, iitwayo chai ya rangi, turungi, au mkandaa kwa watu wa pwani, hunywewa kwa kukosa badala ya kupenda. Hatumlaumu mtu kwa kinywaji chake. Chai ya maziwa ni chakula, na ina heshima yake mbele ya mgeni. Tunachosema ni kwamba anayeizalisha chai hapati fursa ya kuionja jinsi anavyoionja yule anayeipangia bei.

Jina Kabla ya Ladha

Kwa miaka mingi viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, vikiwemo vya Kisii na Nyamira, vimewalipa wakulima wao bonasi ya chini kuliko vile vya mashariki yake. Jambo hili limezua manung'uniko karibu kila mwaka. Sababu zinazotajwa ni nyingi: tofauti za mwinuko na hali ya hewa, aina za michai, uangalifu katika uchumaji, gharama za uendeshaji, madeni ya viwanda, na hiyo hiyo ladha. Makala haya hayana uwezo wa kuamua uzito wa kila sababu. Lakini mwanafunzi wa fasihi ana swali moja la kuchangia, nalo ni hili: Je, mwonjaji huonja chai peke yake, au huonja pia jina lililo kwenye kibati?

Swali hili limepimwa katika mvinyo. Mnamo 2001, Morrot, Brochet na Dubourdieu walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi hao waliueleza kwa maneno yanayotumiwa kuelezea mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limeuchagulia ulimi msamiati. Kabla ya hapo, tarehe 24 Mei 1976, waamuzi wa Kifaransa mjini Paris walionja bila kuona majina, na kwa upande wa mvinyo mwekundu wakaipa nafasi ya kwanza Stag's Leap ya California, ya mavuno ya 1973, mbele ya majina makubwa ya Bordeaux. Naye mwanaisimu Adrienne Lehrer, katika kitabu chake Wine and Conversation cha 1983, alionyesha jinsi wanywaji wa kawaida wanavyotofautiana katika kuyatumia maneno yaleyale kwa mvinyo uleule.

Sisi wa fasihi tunalo jaribio letu. I. A. Richards wa Cambridge aliwapa wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, na katika Practical Criticism, kitabu cha 1929, akaonyesha jinsi hukumu zao zilivyoyumba pale jina lilipokosekana. Uhakiki, kwa hakika, ni aina ya uonjaji. Wahindi wa kale waliliona hilo walipoiita athari ya sanaa kwa neno "rasa", lenye maana ya utomvu na ladha.

Hatudai kwamba waonjaji wa Mombasa wanapendelea. Ni watu wa ujuzi mkubwa, na mtu hawezi kununua chai kwa fedha zake huku akijidanganya kwa muda mrefu. Tunachodai ni kwamba sifa ya jina ni kitu chenye nguvu, na kwamba kiwanda kilichokwisha kuitwa "cha wastani" kitahitaji kikombe kilicho bora zaidi ili kubadilisha neno hilo. Anayetaka kulibadilisha lazima kwanza alielewe.

Hitimisho

Kila kiwanda cha wakulima wadogo ni kampuni yenye wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima wenyewe. Ripoti za waonjaji huwafikia kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mikutano ya wakulima huendeshwa kwa Ekegusii na Kiswahili. Kati ya lugha hizo, maana hupotea njiani, na kinachomfikia mchumaji ni tarakimu ya bonasi peke yake. Akiambiwa kwamba bei ni ya chini, hana la kufanya isipokuwa kulalamika. Akiambiwa kwamba chai ya mwezi wa Mei ilikosa mng'ao kwa sababu majani yalikaa kituoni hadi usiku, ana swali la kumwuliza mwenye lori. Tena akiambiwa kwamba chai yake haikuwa na kasoro yoyote, ana swali zito zaidi la kumwuliza mwenye mnada.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Mosi, wanafunzi wa Kiswahili wakusanye maneno ya ladha kutoka kwa wapishi, wavuvi, wakulima na wazee wa pwani na bara kabla hayajapotea, na lugha kama Ekegusii zitumiwe kuwa chemchemi ya istilahi badala ya kupuuzwa. Pili, maneno kama vile mng'ao, ukakasi, ukolevu na chapwa yajaribiwe katika vyumba vya kuonjea vya viwanda vyenyewe, mbele ya waonjaji na wachumaji kwa pamoja, kwa kuwa istilahi isiyopita kinywani mwa mtumiaji hufia kamusini. Tatu, viwanda viwape wakulima fursa ya kuonja chai yao, ikiwa imeandaliwa kwa vipimo, bila maziwa wala sukari, kando ya chai ya viwanda vingine, na majina yakiwa yamefunikwa.

Pendekezo hili la mwisho halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji maji yanayochemka, vikombe vyeupe na dakika sita. Mkulima atavuta kijiko kwa kishindo, ataisukutua chai yake mwenyewe na kuitema. Kisha ataulizwa ameonja nini. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba wakati huo atakuwa na la kujibu, na kwa lugha anayoimudu.